Makaburi ya Vita ya Ugiriki ya Kale: Nani Aliona, Nani Aliambiwa

Karibu na mji wa Plataea, mahali ambapo Wagiriki walilishinda jeshi la Waajemi mwaka 479 KK, palikuwa na matuta ya makaburi ambayo ndani yake hakuzikwa mtu. Habari hiyo tunaipata kwa mwanahistoria Mgiriki Herodotus, aliyeandika miongo kadhaa baada ya vita hivyo. Anaanza kwa kuyataja makaburi ya kweli: Wasparta walichimba matatu, moja kati yake likiwa la watumwa wao walioitwa Heloti, na watu wa Tegea, Athene, Megara na Phlius nao waliwazika wafu wao. Kisha anaeleza kwamba matuta mengine yaliyokuwa yakionekana pale, kwa kadiri alivyopata habari, yalikuwa matupu, na kwamba yalirundikwa na miji iliyoona haya kwa kutofika vitani, ili watu wa vizazi vya baadaye wadhani kuwa nayo ilitoa wahanga. Anafika hadi kumtaja mtu: lile lililoitwa kaburi la watu wa kisiwa cha Aegina lilifukiwa miaka 10 baada ya vita na Cleades, raia wa Plataea aliyekuwa wakili wa Waaegina mjini humo, kwa ombi la Waaegina wenyewe.

Naianza makala hii na matuta hayo kwa sababu yanavunja dhana tuliyoizoea, kwamba maandishi yanaweza kudanganya lakini kaburi halidanganyi. Pale Plataea kaburi lilijengwa kwa makusudi ili liseme uongo, na aliyeufichua uongo huo ni mwandishi. Wakati huohuo mwandishi huyo hasemi kwamba alifukua tuta hata moja. Anasema ameambiwa. Plutarch, ambaye alizaliwa Chaeronea katika jimbo hilohilo la Boeotia na kuandika zaidi ya miaka 500 baadaye, alimshambulia Herodotus kwa hasira kwa sababu ya habari hii, akimwona kama mtu aliyeinyang'anya miji heshima yake. Mimi namsoma Herodotus kwa imani zaidi kuliko Plutarch alivyofanya, lakini imani hiyo inatokana na neno dogo alilolitumia, lile la kukiri kwamba habari hii ameipata kwa kuuliza. Hoja yangu ni kwamba mwanahistoria wa kale apimwe kwa mpaka aliouweka kati ya alichokiona, alichoambiwa na alichokikisia, na kwamba makaburi ya vita ndiyo mahali ambapo mpaka huo unaweza kukaguliwa leo kwa jembe na kwa maabara.

Herodotus mwenyewe alikuwa na mizani hiyo. Anapoandika kuhusu Misri, anafika mahali anamwambia msomaji wazi kwamba mpaka hapo amesema aliyoyaona kwa macho, aliyoyapima kwa akili yake na aliyoyachunguza, na kwamba kuanzia hapo ataeleza aliyosimuliwa na Wamisri. Huko Misri ndiko alikoyaona mafupa ya vita yeye mwenyewe. Anasimulia kwamba alifika Pelusium, karibu na mdomo wa mashariki wa mto Nile, mahali ambapo Mfalme Cambyses wa Uajemi aliwashinda Wamisri mwaka 525 KK. Mifupa ya waliouawa ilikuwa bado imelala pale, ya Waajemi upande mmoja na ya Wamisri upande mwingine, kama ilivyotengwa tangu awali. Anadai kwamba mafuvu ya Waajemi yalikuwa dhaifu kiasi cha kutobolewa kwa kupigwa na kijiwe, ilhali ya Wamisri yalikuwa magumu hata ukiyaponda kwa jiwe kubwa hayavunjiki kwa urahisi. Wenyeji walimweleza sababu: Wamisri hunyolewa vichwa tangu utotoni na jua hukomaza mfupa, lakini Waajemi hufunika vichwa kwa kofia tangu udogo wao. Naye anakiri kwamba aliikubali sababu hiyo mara moja.

Maneno haya machache yanastahili kusomwa polepole. Mafuvu aliyaona. Sababu aliambiwa, na hakuna mganga wa leo atakayeikubali. Lakini kuna kitu cha tatu kilichojificha katikati: alijuaje kwamba rundo hili ni la Waajemi na lile ni la Wamisri? Fuvu halina lugha wala kabila lililoandikwa juu yake. Ni lazima mwenyeji wa Pelusium ndiye aliyemwonyesha kwa kidole. Kwa hiyo hata pale anaposimama juu ya uwanja wa vita na kuandika kwamba ameona, kuona kwake kumebebwa na kusikia kwa mtu mwingine. Waswahili tunasema kusikia si kuona, na Herodotus naye, katika kisa cha Mfalme Candaules wa Lydia, anamtia mfalme huyo kinywani maneno yanayokaribiana sana na hayo, kwamba masikio ya watu hayaaminiki kama macho. Pelusium inaonyesha kwamba mambo hayo mawili hayatengani kirahisi hivyo.

Hesabu ya waliokufa ina ugumu wake. Kwa vita vya Marathon vya mwaka 490 KK Herodotus anatoa tarakimu mbili: Waathene 192 na Waajemi wapatao 6,400. Tarakimu ya kwanza ina sauti ya orodha iliyosomwa, kwa kuwa Waathene waliwazika wafu wao palepale uwandani, chini ya tuta ambalo hadi leo lina urefu wa takribani mita 9, na juu yake wakasimamisha mawe yenye majina yaliyopangwa kwa makabila 10 ya kiraia ya mji wao. Tarakimu ya pili ina harufu ya kukokotolewa, maana ukiichukua 192, ukaizidisha kwa 100 na kugawanya kwa 3, unapata 6,400 kamili. Msafiri Pausanias, aliyepita Marathon katika karne ya 2 BK, alisoma majina kwenye yale mawe, lakini alipotafuta kaburi la Waajemi hakuona tuta wala alama yoyote, akahitimisha kwamba maiti zao zilitupwa katika handaki. Namheshimu kwa kuandika kwamba alitafuta na hakuona.

Mwanaakiolojia Valerios Stais alipolichimba tuta hilo kati ya 1890 na 1891 alikuta tabaka la majivu, makaa na mifupa iliyochomwa, pamoja na vyombo vya udongo vya wakati ule. Majivu hayahesabiki, kwa hiyo jembe halikuithibitisha 192. Kilichosaidia kilitokea mbali na Marathon. Mwaka 2000, katika magofu ya jumba la tajiri Herodes Atticus huko Eva, rasi ya Peloponnese, lilipatikana bamba la jiwe lenye majina 22 ya kabila la Erechtheis, ambalo wasomi wengi wanakubali kuwa ni mojawapo ya yale mawe ya Marathon. Herodes alikuwa mzaliwa wa Marathon aliyeishi karne hiyohiyo ya Pausanias, na inaelekea jiwe hilo lilihamishwa likawa pambo la nyumba yake. Gawanya 192 kwa makabila 10 na utapata wastani wa watu 19 kwa kila kabila. Majina 22 yanakaa vizuri ndani ya hesabu hiyo, ingawa kabila moja haliwezi kuyasemea mengine tisa. Katika kisa chake chote cha vita hivyo Herodotus anawataja kwa majina Waathene watatu tu waliouawa.

Thucydides, aliyeandika historia ya vita kati ya Athene na Sparta, ni mtu wa aina nyingine. Alikuwa jemadari, akapewa jukumu la kulinda eneo la Amphipolis mwaka 424 KK, akashindwa kuufikia mji huo kabla haujaangukia mikononi mwa Wasparta, na kwa ajili hiyo akaishi uhamishoni kwa miaka 20. Aliugua tauni ya Athene na akapona. Anaposema amechunguza habari zake kwa ukali, kutoka kwa macho yake na kutoka kwa wengine, anawasema pia wale waliotangulia kuandika, na tangu hapo wasomaji wengi wamemweka juu ya Herodotus kama shahidi. Maelezo yake ya mazishi ya umma ya Athene ni ya mtu aliyesimama pale akitazama. Mifupa ya waliokufa huwekwa wazi kwa siku tatu ili ndugu walete wanachotaka kuleta. Kisha majeneza ya mbao za mberoshi hubebwa kwa magari, moja kwa kila kabila, na pamoja nayo hubebwa kitanda kimoja kilichotandikwa bila kitu juu yake, kwa ajili ya wale ambao miili yao haikupatikana. Wanawake wa ukoo husimama kaburini wakilia.

Lakini katika ukurasa huohuo anaandika sentensi ambayo haiwezi kusimama. Anasema Waathene siku zote huwazika mashujaa wao katika kaburi hilo la umma nje ya lango la mji, isipokuwa wale wa Marathon peke yao. Tunajua kutoka kwa Herodotus kwamba Waathene waliouawa Plataea walizikwa Plataea, na Pausanias alilikuta kaburi lao huko karne sita baadaye. Ilikuwaje basi? Nadhani Thucydides aliijua desturi kwa macho yake, kama ilivyokuwa enzi za utu uzima wake, kisha akaipeleka nyuma kwa mababu bila kuuliza. Ni kosa la shahidi. Mtu aliyeona jambo likifanyika mara nyingi huamini kwa urahisi kwamba limekuwa likifanyika hivyo daima, na huo ndio upande wa hatari wa kujua kitu kwa ukaribu, ambao wanaomsifu Thucydides hawautaji sana.

Upungufu mwingine ni wa kunyamaza. Katika jumba la makumbusho la Louvre mjini Paris kuna bamba la marumaru lililoandikwa karibu mwaka 460 KK. Linatangaza kwamba watu hawa wa kabila la Erechtheis walikufa vitani Kipro, Misri, Foinike, Halieis, Aegina na Megara katika mwaka uleule mmoja, kisha yanafuata majina zaidi ya 170, wakiwemo majemadari na mwaguzi mmoja aliyefia Misri. Hilo ni kabila moja kati ya 10. Thucydides anaupitisha mwaka huo kwa aya chache kavu, bila kutaja kabisa mapigano ya Foinike. Alikuwa ndio kwanza anazaliwa au bado hajazaliwa, na kipindi hicho kwake kilikuwa utangulizi tu. Ukiyasoma majina yale mstari baada ya mstari ndipo unapoelewa mji huo ulikuwa ukilipa nini kwa himaya yake, na maelezo hayo hayakutoka kwa mwanahistoria yeyote bali kwa fundi wa kuchonga mawe.

Ipo mara moja ambapo mwandishi, jiwe na mfupa vinakutana. Mwaka 403 KK, Athene ikiwa imegawanyika baina ya wafuasi wa utawala wa wachache waliobaki mjini na wanademokrasia waliokuwa wameshika bandari ya Piraeus, mfalme wa Sparta alifika na jeshi, na siku moja alipokuwa akikagua bandari askari wake walivamiwa. Mwanahistoria Xenophon, ambaye inaaminika alikuwa askari wa farasi mjini humo wakati ule, anaandika kwamba wapiganaji wepesi waliwashambulia Wasparta kwa mikuki ya kurusha, mishale na makombeo, wakawaua maofisa wawili, Chaeron na Thibrachus, pamoja na Lacrates aliyekuwa amewahi kushinda katika michezo ya Olimpiki, na wengine, ambao wamezikwa mbele ya lango la Athene katika Kerameikos, eneo la makaburi ya mji. Wachimbaji wa Kijerumani walilifungua kaburi hilo mwaka 1930. Wanaume walikuwa wamelazwa bega kwa bega, ncha za mishale zikiwa bado pamoja na mifupa ya mguu wa mmoja wao na ncha ya mkuki mbavuni mwa mwingine. Kwenye jiwe lililobaki yanasomeka majina Chaeron na Thibracus, kwa herufi zinazoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, pamoja na herufi za mwanzo za jina la Walakedaimoni, ndio Wasparta.

Kila kitu kinalingana: majina, silaha, mahali. Mtu akiniuliza kujua kwa ukaribu kunatoa nini, nitamwonyesha sentensi hiyo moja ya Xenophon. Hata hivyo hasemi jambo ambalo kila mpita njia aliliona, kwamba maadui wa jana walilazwa kwenye barabara ileile ya makaburi ambako Athene iliwaweka mashujaa wake. Kwake halikuhitaji kuelezwa.

Kisa kinachonishughulisha zaidi ni cha Himera, koloni la Wagiriki lililokuwa kwenye pwani ya kaskazini ya Sisilia. Mji huo ulipigana vita vikubwa viwili na Karthago. Katika cha kwanza, mwaka 480 KK, Gelon wa Syracuse na Theron wa Akragas walikuja kuusaidia, wakamshinda jemadari Hamilcar. Katika cha pili, mwaka 409 KK, Hannibal mjukuu wa Hamilcar aliuteka na kuuteketeza. Ilipojengwa njia mpya ya reli katika eneo hilo, wanaakiolojia wakiongozwa na Stefano Vassallo walichimba makaburi ya magharibi ya mji na kukuta, miongoni mwa maelfu ya makaburi ya kawaida, mashimo ya pamoja yenye wanaume pekee waliokuwa na majeraha ya vita, yale ya 480 na yale ya 409. Walikuwa wamepangwa kwa safu, kila mmoja kwa nafasi yake. Karibu nao walizikwa farasi.

Herodotus anapoeleza vita vya 480 KK anaorodhesha kwa makini mchanganyiko wa jeshi la Hamilcar: Wafoinike, Walibya, Waiberia, Waliguria, Waelisyki, Wasardinia na Wakorsika, jumla 300,000, tarakimu ambayo siiamini. Upande wa pili anaona Wagiriki. Msomaji anabaki na picha ya Ugiriki ikipigana na ulimwengu wa makabila ya kukodiwa, na picha hiyo ilipendwa sana, hata watu wa Sisilia walimwambia kwamba ushindi wao ulipatikana siku ileile ya vita vya Salamis, ambapo Wagiriki waliwashinda Waajemi baharini. Herodotus alikuwa mtoto mdogo mwaka huo, lakini baadaye alijiunga na koloni la Thurii kusini mwa Italia, na kutoka huko angeweza kuwafikia watu ambao baba zao walipigana.

Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa meno ya wapiganaji 62 kutoka mashimo hayo. Gamba la jino hujengwa utotoni, na strontiamu iliyomo hufuata miamba ya mahali mtoto alipokula na kunywa, hivyo jino hubaki na alama ya utoto wa mtu hata akifia ng'ambo. Ilionekana kwamba takribani theluthi mbili ya waliozikwa mwaka 480 KK hawakukulia Himera, na kwamba kwa waliozikwa mwaka 409 KK wageni walikuwa kama robo tu. Mwaka uliofuata uchunguzi wa vinasaba uliongeza jambo ambalo Herodotus hakuliandika: baadhi ya wapiganaji hao wa mwaka 480 walikuwa na asili ya Ulaya ya kaskazini, ya nyika za Ulaya na Asia, na ya Kaukasi. Mamluki walikuwa pande zote mbili, na Wagiriki waliwazika wa kwao.

Je, hakuna aliyejua? Alijua Diodorus, na hapa ndipo kanuni ya kumwamini aliye karibu zaidi inapoyumba. Diodorus, mwenyeji wa Agyrium huko Sisilia, aliandika karne ya 1 KK, zaidi ya miaka 400 baada ya vita hivyo. Hakuona kitu, hakukutana na aliyeona, alinakili vitabu vya waliomtangulia, na kwa sababu hiyo hudharauliwa. Lakini ni yeye aliyehifadhi habari kwamba Gelon aliwapa uraia mamluki wa kigeni zaidi ya 10,000, na kwamba miaka mingi baadaye zaidi ya 7,000 walikuwa bado wapo. Sidhani kwamba Herodotus alidanganya. Aliuliza watu wa Ugiriki ya magharibi, nao wakamweleza ushindi wao kama walivyopenda ukumbukwe, bila wale waliolipwa ili kuupata. Mkusanyaji wa baadaye, aliyekuwa na vitabu vya ugomvi wa uraia mezani pake, alilipata jambo hilo kwa mlango wa nyuma.

Hata meno nayo yana mpaka wake, na ningependa wanaoyatangaza matokeo hayo wautaje. Ile robo ya mwaka 409 KK imefasiriwa kuwa ni dalili kwamba safari hiyo Himera iliachwa ipigane karibu peke yake. Hilo linaafikiana na Diodorus, anayeeleza kwamba Diocles, kamanda wa Wasyracuse, aliondoka kwa haraka bila hata kuokota maiti za watu wake. Lakini Diodorus huyohuyo anaendelea. Muda mfupi baadaye Hermocrates, Msyracuse aliyekuwa amefukuzwa nchini na kurudi Sisilia na jeshi lake mwenyewe, alipiga kambi katika viunga vya Himera iliyoteketea, akauliza ni wapi hasa wenzake walisimama vitani, akaikusanya mifupa yao na kuipakia kwenye magari yaliyopambwa kwa gharama kubwa. Kama aliikusanya, basi sehemu ya wageni wa mwaka 409 KK iliondoshwa kabla udongo haujatufikia sisi, na kipimo cha leo kinawahesabu waliobaki.

Hermocrates hakuingia na magari hayo mjini. Sheria iliwakataza waliofukuzwa kuvuka mpaka, naye akasimama mpakani na kuyatanguliza. Diocles alipinga wafu hao kuzikwa. Raia wa Syracuse walitoka kwa wingi kuifuata mifupa ile hadi makaburini, wakampeleka Diocles uhamishoni, na Hermocrates, ambaye walimwogopa, hawakumruhusu kurudi.